Mgonjwa wa Alhamisi

Mara ya kwanza aliyeandika habari hii alipoisikia, aliicheka. Aliichukua kuwa kisa cha kijana mwenye bahati aliyefanya jambo kubwa kwa sababu hakujua kuwa ni kubwa, na kwa muda mrefu aliisimulia hivyo kila alipotaka watu wavunjike mbavu. Alikosea. Lakini hakukosea peke yake. Hata mwanamke ambaye habari yenyewe ni yake, aliyekuwa ndani ya chumba kile na kuyaona yote kwa macho yake mawili, alikosea vilevile.

Walimwita Mama Subana. Alikuwa mshonaji wa hospitali, kazi ambayo wagonjwa wengi hawajui kuwa ipo. Shuka likichanika lilifika kwake. Koti la daktari likipoteza kifungo lilifika kwake. Mapazia ya wodi, foronya, vazi la chumba cha upasuaji, vyote vilipitia mikononi mwake. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya wagonjwa wa dharura. Kilikuwa na mlango mmoja, rafu za mashuka kuanzia sakafuni hadi darini, cherehani ya miguu, meza pana ya kukatia vitambaa, na dirisha la mbao lililofunguka upande wa korido ili wauguzi wapokee mashuka safi bila kuingia. Katika kidole chake cha kati alivaa subana, kile kikofia cha chuma kinachomkinga mshonaji asichomwe na sindano, na alikuwa ameivaa miaka mingi hata ngozi ya chini yake ikapauka. Akifikiri, aliigonga mezani. Akikasirika, aliigonga kwa kasi. Wauguzi waliijua hali ya hewa ya chumba kile kabla hawajafika dirishani.

Siku daktari bingwa wa magonjwa ya akili alipoingia, Mama Subana alidhani amefuata koti.

"Kifungo kipi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Si kifungo, mama. Nataka uwe mgonjwa."

Mguu ukasimama juu ya kanyagio. "Daktari, mimi hata mafua sina."

Bingwa akaketi juu ya robota la mashuka na kueleza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Kila baada ya miezi mitatu alikabidhiwa madaktari vijana watano, waliotoka chuoni juzi, awafundishe namna ya kumpokea mtu aliyefika dharura akili imemchafuka: anayeogopa, anayetukana, anayetaka kujidhuru, anayesikia maneno yasiyosemwa na mtu. Katika vitabu walikuwa hodari. Mbele ya mtu anayepiga kelele walisahau vyote wakamwita mlinzi aje na kamba.

"Nikiwafanyisha mazoezi wao kwa wao, wanacheka," alisema bingwa. "Wauguzi wamewazoea. Nataka mtu mgeni kwao, na asiyeogopa kupaza sauti."

"Nani kakwambia mimi napaza sauti?"

"Mama, ofisi yangu iko ghorofa ya pili."

Ikawa hivyo. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, cherehani ilisukumwa kando na chumba cha mashuka kikawa chumba cha dharura. Utaratibu ulikuwa mmoja. Daktari kijana alibisha mara mbili juu ya mlango uliokuwa wazi, akasema, "Naomba nianze," na kuanzia hapo Mama Subana hakuwa mshonaji tena mpaka bingwa aseme imetosha. Wengine walitazama kupitia dirisha la mashuka, wamebanana mabega. Kabla ya kuanza alivua subana yake na kuitia mfukoni.

"Mgonjwa wangu hajui kushona," aliwaeleza. "Nikibaki nayo kidoleni, nabaki mimi."

Nyumbani, mumewe, fundi redio aliyestaafu na kusahau kuacha kazi, alilipokea jambo hili kwa utulivu wa mtu aliyeoa muda mrefu. Kila asubuhi ya zoezi alimuuliza mkewe, chai mkononi:

"Leo unaumwa nini?"

"Leo jirani amenitegea redio ndani ya meno."

"Stesheni gani?"

"Wewe cheka tu. Mambo ya meno hayo si ya mchezo, nimeyafanyia mazoezi juzi kutwa nzima."

Aliyafanyia mazoezi kweli, chooni, kwa sauti iliyomleta jirani mwenyewe mlangoni akiuliza kwa heshima kama kuna msiba.

Kwa miaka mingi Mama Subana alikuwa mtu wa kuonekana pale tu kitu kilipochanika. Sasa, akiwa na miaka hamsini na mitatu, aliamka kabla ya jogoo wa jirani kwa hamu ya kwenda kazini. Njiani alikuwa akitikisa kichwa na kusema peke yake, akijaribu huyu atakuwa na hasira ya namna gani, yule ataogopa nini.

Bingwa alikuwa ametafuta sauti tu. Hilo halikudumu zaidi ya zoezi la kwanza. Baada ya kuwauliza vijana walichokiona, alimgeukia Mama Subana kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni kula akijua atasema ameshiba. Mama Subana aliongea robo saa.

"Wewe mrefu ulisimama katikati ya mlango. Mimi nataka kukimbia, wewe umekuwa kabati. Kidogo tu nikurushie pasi. Na wewe dada yangu umeniambia 'tulia' mara tisa, nimehesabu. Hebu niambie, nyumbani kwenu nani amewahi kutulia kwa kuambiwa tulia?"

Vijana wakaangua kicheko. Bingwa hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari, akiandika kwa kasi, na tangu siku ile hakuwahi kutoa alama kabla ya kumsikiliza mshonaji.

Miongoni mwa wale watano alikuwapo mmoja waliyemwita Kalamu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na kalamu ya kubonyeza ambayo vidole vyake viliibonyeza bila yeye kujua: ka, ka, ka. Katika zoezi lake la kwanza alishika fomu na kuuliza maswali kumi na moja kwa mpangilio wa fomu. Kati ya swali la tatu na la nne, Mama Subana alimwambia kwa machozi kwamba mama yake mzazi amezikwa jana. Kalamu alisema, "Sawa. Je, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

"Nasikia kalamu," alijibu mgonjwa.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alisimama, akaketi, akasimama tena, ka, ka, ka, na kila baada ya neno alilitupia jicho dirisha la mashuka. Bingwa alipouliza ilikuwaje, Mama Subana alisema kweli, kwa kuwa hakujua kusema kingine katika kazi ile: "Amenitisha. Niliingia nikiwa naigiza hofu, nikatoka nayo."

Neno hilo lilikata. Kijana alikuwa ameshindwa mara mbili, na nafasi ilibaki moja, Alhamisi ya mwisho. Akishindwa tena angerudia miezi mitatu yote wakati wenzake wanaondoka, na kituo cha afya alichokuwa amepangiwa, hatua chache kutoka kwa mama yake aliyekuwa akiishi peke yake na miguu isiyotaka tena kumbeba, kingepewa mwingine. Mama Subana alizipata habari hizo kwa muuguzi dirishani. Jioni ile hakula vizuri. Je, alikuwa amemsaidia bingwa, au alikuwa amemkatia mtoto wa mwenzake riziki kwa mkasi wa ulimi?

Jumatano akamwita Kalamu, kisingizio kikiwa kifungo.

"Koti langu lina vifungo vyote, mama."

"Lilikuwa navyo." Akakikata kimoja mbele yake, akatia uzi kwenye sindano. "Kaa. Kesho kalamu iache nje. Iache huko huko kwa mlinzi. Ukiuliza kitu, ngoja jibu lifike. Likichelewa, ngoja tena. Mtu akiogopa, maneno yanamtoka kwa kudondoka moja moja, wewe unayakanyaga yakiwa bado chini."

Kalamu aliangalia sindano ikipanda na kushuka. "Nayajua yote hayo, mama. Nikiwa kitandani nayasema vizuri kabisa. Lakini nikimwona mwalimu pale dirishani, kichwa kinakuwa tupu kama ndoo."

"Basi mwone mgonjwa," alisema Mama Subana, na kukata uzi kwa meno.

Alhamisi, saa nzima kabla ya wakati wa zoezi, alikuwa akikata vitambaa vya mapazia na akili yake ikiwa mbali, ikipima ni mgonjwa gani wa kumpa kijana yule. Asiwe rahisi, maana bingwa angegundua, wala asiwe wa kumvunja. Hakusikia mtu akiingia. Aliposikia dirisha la mashuka likifungwa ndipo alipogeuka. Mwanamume mwenye suruali iliyojaa madoadoa ya rangi alikuwa amesimama kati ya meza na rafu, na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, uliokuwa mezani sekunde chache zilizopita, alikuwa nao kifuani, ncha ikiangalia juu.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Wanasikia kupitia taa."

Ilikuja kujulikana kuwa alikuwa mpaka rangi wa nyumba, kwamba hakuwa amefumba jicho siku nne, na kwamba kaka yake aliyemleta alikuwa bado anaandikisha jina lake mapokezi. Kwa wakati ule Mama Subana alijua vitu viwili tu: huyu hakuwa mwigizaji, na yeye hakujua la kumwambia. Maneno yote ya wagonjwa aliyajua. Yalikuwa yamempita kinywani wiki baada ya wiki. Ya daktari, aliyowasahihishia watoto wa watu kwa kujiamini kiasi kile, hayakuja hata moja. Ulimi uligandamana na kaakaa. Kidole chake tu ndicho kilichosema: subana ilikuwa ikigonga meza, ta, ta, ta, na hakuweza kuizuia.

Nje, miguu ilikimbia, ikasimama. Sauti ya mlinzi ikasikika, kisha ya mtu mwingine, chini chini. Halafu mlango, uliokuwa umerudishwa nusu, ukabishwa mara mbili.

"Naomba nianze," alisema Kalamu.

Mama Subana alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye masikio. Mtoto huyu anadhani ni zoezi! Ameona mlango, ameona chumba kile kile, amemwona yeye, amemwona mtu mgeni na mkasi, akafikiri bingwa amemletea mgonjwa mpya kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho. Amwambie? Akimwambia, mpaka rangi angeshtuka, na Kalamu angerudi kuwa yule wa juzi, wa kusimama na kuketi. Akinyamaza, kijana angemkaribia mtu mwenye mkasi akidhani ni mkasi wa mchezo. Akapiga moyo konde, akanyamaza.

Kalamu hakusimama mlangoni. Alipita pembeni, ukutani, akaacha njia wazi, akaketi juu ya robota la mashuka, viganja vyake vikiwa wazi magotini. Hakuwa na fomu. Hakuwa na kalamu.

"Mimi ni daktari wa hapa," alisema. "Sijaja kukushika. Nikuite nani?"

"Fundi."

"Fundi, kuna kitu kinakutisha. Ni nini?"

Mwanamume alielekeza kidevu kwenye taa. Kalamu aliinua macho, akaiangalia ile taa kwa makini, kama mtu aliyeambiwa kuna mjusi. Mama Subana alijua jibu ambalo vijana wote hulitoa hapo, kwamba hakuna kitu, ni taa tu, na akakaza miguu kulingoja.

"Mimi siwaoni," alisema Kalamu. "Lakini naona umechoka sana. Umelala lini?"

Kimya. Kalamu alingoja. Mama Subana angeapa kwamba shuka zima lingeweza kupigwa pindo katika kimya kile.

"Nikilala wanaingia," alisema mpaka rangi hatimaye.

"Kumbe siku zote hizo uko zamu peke yako."

Uso wa mwanamume ulibadilika. Mabega yalishuka kidogo.

"Taa hiyo niizime au niiache?" aliuliza Kalamu. "Wewe ndiye utakayeamua."

"Zima."

"Nasimama taratibu. Nanyoosha mkono. Nazima." Chumba kikabaki na mwanga wa mlangoni tu. Akarudi robotani. "Na mama huyu, fundi? Atoke, au akae?"

"Asitoke! Atawaambia."

"Sawa. Hatatoka. Asogee tu hapa kwangu, asikuzibie hewa."

Mama Subana alisogea, hatua moja, mbili, tatu, mpaka akawa na mlango ubavuni mwake. Katikati ya hofu ile, jambo ambalo baadaye alilionea haya kulikiri, alikuwa na furaha ya kutaka kuruka. Anaweza! Kalamu anaweza!

"Mkasi huo ni mzito," alisema kijana. "Mkono haujachoka?"

"Umechoka."

"Uweke mezani, katikati yetu. Sitaugusa mpaka uniruhusu."

Ulipita muda. Kisha chuma kikagusa mbao. Mama Subana, kama ingekuwa yeye, angeurukia mkasi ule kama paka. Kalamu hakuutazama hata kuutazama. Alibaki vilevile, viganja wazi, hadi yule mpaka rangi alipoufunika uso wake kwa mikono yenye rangi na kusema, "Nataka kulala tu."

"Hapo naweza kukusaidia," alisema Kalamu. "Nauchukua mkasi sasa, nampa mama. Naruhusiwa?"

"Chukua."

Daktari na mgonjwa wake waliondoka bega kwa bega hadi chumba cha pili, kaka mtu akifuata huku analia, mlinzi akiwa ameificha kamba nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari. Bingwa alishuka ngazi mbili mbili, akakuta yamekwisha. Alimwandikia mgonjwa dawa, akangoja mpaka akapata usingizi, ndipo akarudi kwenye chumba cha mashuka.

Mama Subana alikuwa ameshaisimulia mara mbili kwa wauguzi, na hii ilikuwa ya tatu, tamu kuliko zote.

"Alibisha, daktari! Mara mbili! 'Naomba nianze,' anasema, na mwenzie ana mkasi hivi! Nikajisemea, nikifungua mdomo nimemharibu. Nikaubana. Mimi, niliyezaliwa naongea!"

Korido nzima ilicheka. Kalamu, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alimtazama Mama Subana, jinsi uso wake ulivyong'aa, akatabasamu, akatazama chini.

"Ni kweli ulidhani ni zoezi?" bingwa alimuuliza.

Kijana hakukubali wala kukataa. "Nilibisha, mwalimu," alisema. "Kama ulivyotufundisha."

Bingwa alifungua daftari, kisha akalifunga. "Umefanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Lakini siwezi kukuandikia kuwa umefaulu. Tunachokipima hapa ni mtu anafanyaje akiwa anaogopa, na wewe hukuogopa. Nitakuongezea nafasi moja: Alhamisi ijayo utarudia."

"Daktari, hiyo si haki," alisema Mama Subana, subana ikianza kugonga.

"Mwache, mama," alisema Kalamu. "Nitarudia."

Nyumbani mumewe aliuliza, "Leo uliumwa nini?"

"Leo sikuumwa mimi," alisema, na ikawa ya nne, kwa mikono na miguu, mpaka chai ikapoa.

Alhamisi iliyofuata Kalamu alifaulu. Haikuwa kwa mbwembwe. Mara mbili alilitupia jicho dirisha, na mara moja alikanyaga neno likiwa bado chini. Mama Subana aliyasema yote hayo, kisha akasema, "Lakini hakunitisha." Bingwa akaandika. Wiki hiyo hiyo kijana aliondoka kwenda kwenye kituo chake, karibu na mama yake, na kile kisa kikabaki hospitalini kuwa mali ya kila mtu. Kila kundi jipya la madaktari lilisimuliwa: alikuwapo mmoja hapa, alimnyang'anya mtu mkasi akidhani ni mtihani.

Miezi minane ilipita. Siku moja mlinzi alileta shati la kazi lililochanika kwapani, akaketi kungoja. Mama Subana, akishona, akaanza kukisimulia tena. Mlinzi alimwacha afike kwenye kubisha, kisha akasema:

"Mama, mimi aliniomba nisiseme mpaka awe ameshaondoka. Sasa ameondoka siku nyingi."

"Usiseme nini?"

"Alikuja mbio, akachungulia ufa wa mlango. Nikamwambia, dokta, hili labda ndilo zoezi lenu. Akasema, 'Si zoezi. Sikiliza, mama amevaa subana.' Nikamuuliza, sasa mbona unabisha? Akasema, 'Yeye anaogopa. Akisikia nabisha, atafikiri mimi siogopi.' Akavua saa, akavua kitambulisho, mikono ikimtetemeka hivi. Akaniambia, 'Nikishindwa, mtoe mama kwanza.'"

Mlinzi akatia mkono mfukoni na kuiweka mezani, kando ya mkasi, kalamu ya kubonyeza.

"Na hii. Vingine alivichukua. Hii aliisahau."